Nimepoteza makinda 14 wa njiwa siku moja: nilikosea wapi?

"Assalaam aleikum. Niko Malindi, upande wa Muyeye. Nafuga njiwa wa mashindano ya kurudi nyumbani kutoka mbali. Wazazi walitoka Mombasa, na mwaka huu nilipata makinda 22, wote wametotolewa hapa kwangu. Walikuwa wamefika miezi mitatu na nusu hivi, kila jioni wanaruka juu ya nyumba kama dakika kumi kisha wanatua juu ya paa. Mwisho wa Septemba niliwatia kwenye matenga mawili, nikawapeleka Kilifi kwa gari la probox na kuwaachia karibu na daraja saa sita mchana. Walizunguka mara mbili tatu wakaondoka. Jioni walirudi wanne, kesho yake watatu, na siku ya tano akaja mmoja, amekonda mifupa mitupu. Kumi na wanne sijawaona mpaka leo. Jamaa mmoja ananiambia mbegu yangu mbaya, niuze wote. Mwingine anasema niwanyime chakula siku mbili kabla ya kuwarusha, ndipo watakimbilia nyumbani. Wa tatu anasema niwachanganye na wakubwa. Nina makinda wengine 12 kwenye viota. Hawa nifanye nini wasipotee?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu, na pole sana. Kupoteza kumi na wanne kwa mpigo mmoja kunaumiza, hasa ukiwa umewalea tangu yai. Ushauri wote watatu uliopewa nitaujibu, lakini hakuna hata mmoja unaogusa kilichotokea siku ile. Makinda wako walipelekwa kama kilomita 55 kwa mstari ulionyooka kabla hawajaijua hata Malindi yenyewe. Kuna dalili moja umeiandika mwenyewe pengine bila kuitilia maanani: dakika kumi juu ya nyumba, kisha paani. Kinda wa namna hiyo bado hajawa tayari kwa tenga, hata kama umri wake umetimia.

Watu wengi huamini kwamba njiwa huzaliwa akiijua njia. Anachozaliwa nacho ni hamu ya kurudi kwao na uwezo wa kujifunza njia, na kujifunza kwenyewe kunataka wiki nyingi na mazingira yanayofaa. Ili arudi, njiwa anahitaji vitu viwili. Kwanza ajue yuko wapi ukilinganisha na nyumbani, hiyo ni ramani. Pili ajue upande gani ni upi, hiyo ni dira.

Dira yake kubwa ni jua, akilisoma pamoja na saa iliyo mwilini mwake. Njiwa akiwekwa ndani kwa siku kadhaa chini ya taa zinazowashwa na kuzimwa saa sita mbele au nyuma ya kawaida, akiachiwa siku ya jua kali ataondoka akiwa amepinda karibu nyuzi 90 kutoka njia ya kwao. Usomaji huu wa jua ni wa kujifunza. Makinda waliojaribiwa kwa kuonyeshwa jua la alasiri tu, bila kuliona la asubuhi, hawakuweza kulitumia jua asubuhi, wakabaki kutegemea usumaku wa dunia. Sasa tazama wako: wanatolewa jioni tu. Ikiwa banda limefunikwa pande zote, wameijua nusu tu ya safari ya jua.

Kisha kuna ile saa sita. Malindi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, na jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba. Siku zile ulizowarusha, saa sita na dakika chache mchana, kivuli cha mtu kilikuwa chini ya nyayo zake. Njiwa hapimi urefu wa jua angani, bali upande lilipo, na jua la utosini halina upande. Mkubwa mwenye uzoefu angengojea au angetumia njia nyingine. Kinda ambaye hajawahi kusafiri anaanza kubahatisha. Usumaku humsaidia jua linapofichwa na mawingu: mwaka 1971 William Keeton wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kwamba njiwa waliofungwa sumaku walichanganyikiwa siku za mawingu, wakati siku za jua walishika njia vizuri. Ila kwa kinda mgeni usumaku pekee ni msaada mdogo.

Ramani ni habari ndefu zaidi, na watafiti bado wanabishana. Tangu 1972, Floriano Papi na wenzake wa Pisa, Italia, walionyesha kwamba harufu zinazoletwa na upepo zina sehemu kubwa: njiwa aliyezibwa uwezo wa kunusa hushindwa kurudi kutoka mahali asipopajua, na makinda waliolelewa nyuma ya kuta zinazozuia upepo hawakupata mwelekeo. Akikaribia nyumbani huongozwa na macho: barabara, mto, ukingo wa msitu, paa za mabati, mnara wa simu. Kwa mfugaji, maana yake ni kwamba banda la matofali yaliyozibwa mpaka juu, ambalo wengi hulijenga kwa kuogopa wezi na paka, linamnyima kinda elimu. Acha pande mbili wazi kwa wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, upande unaopokea kusi na ule unaopokea kaskazi, na sehemu ya paa iwe ya wavu ili jua lionekane tangu linapochomoza hadi linapotua. Mvua izuie kwa upenu wa paa, usiweke ukuta.

Hawa kumi na wawili uanze nao hivi. Wavishe pete siku ya sita hadi ya nane, kabla mguu haujanenepa, na pete iwe na nambari yako ya simu. Waachishe wazazi wakiwa na siku 25 hadi 28, wanapodonoa nafaka wenyewe. Siku hiyohiyo wachovye midomo kwenye chombo cha maji mmoja mmoja, kwani kinda asiyejua maji yalipo hukonda ndani ya siku mbili. Kuanzia siku ya 28 au 30 watoe kwenye kizimba kidogo cha wavu kilichofungwa juu ya ubao wa kutua, saa moja au mbili kila siku, kwa siku saba hadi kumi, asubuhi siku moja na jioni siku nyingine. Humo wanatazama mtaa, wanawazoea kunguru na honi za tuktuk, na wanajifunza kuingia kupitia mlango wa fimbo zinazoning'inia, zile zinazofunguka kwa ndani tu. Jambo hili usiliharakishe. Kinda aliyetolewa wazi mara ya kwanza akiwa na siku 45, mabawa tayari yana nguvu na macho hayajazoea, akishtuliwa na kunguru hupaa na upepo moja kwa moja, na huyo hafiki hata Ganda, hapo jirani.

Siku ya kwanza ya kuwa huru iwe alasiri, saa moja kabla ya magharibi, hawajala tangu asubuhi. Fungua na ukae kando, usiwapungie kitambaa wala kuwarushia kijiwe. Baada ya nusu saa tikisa mkebe wenye mtama, uwe mkebe uleule na mlio uleule kila siku, na wanaoingia wale papo hapo. Wakishazoea, watoe pia asubuhi mapema. Utaratibu huu wa mkebe ndio nusu ya kazi yote. Njiwa anayerudi kutoka mbali na kukaa juu ya makuti ya jirani kwa saa nzima atakupotezea mashindano, na hapo juu ndipo kipanga humkuta.

Baada ya wiki chache utaona badiliko. Kundi halizunguki tena juu ya nyumba, linanyanyuka, linashika upande mmoja na kutoweka machoni, kisha baada ya dakika 20, 30, pengine saa nzima, linarudi kutoka upande mwingine. Wengi hufikia hatua hii kati ya wiki ya 8 na ya 12. Hapo wanachora ramani yao wenyewe, na hakuna tenga linaloweza kulifanya hilo kwa niaba yao. Wakikataa kwenda mbali tafuta sababu: wamenenepa, wanaumwa, wanabadili manyoya makubwa ya bawa kwa wingi, au kuna kipanga anayewavizia na wanaogopa kupanda. Wasipoanza safari hizi, usiwatie kwenye tenga hata wakifika miezi mitano.

Tenga nalo hufundishwa nyumbani. Tenga la sentimita 90 kwa 45 litoshe makinda 10 hadi 12, wala si zaidi, na kimo chake kisizidi sentimita 30 ili wasikanyagane mgongoni. Tandika pumba za mbao. Walaze humo usiku mmoja, asubuhi wafungulie palepale mbele ya banda waingie wakale. Rudia mara mbili au tatu, na ning'iniza kikopo cha maji nje ya tenga wajifunze kunywa kwa kutoa kichwa. Makinda waliotiwa kwenye tenga kwa mara ya kwanza wakasafirishwa joto la mchana ndani ya probox hufika wakihema, wana kiu na hofu, na wakifunguliwa huondoka kwa kukimbia tu.

Sasa njia yenyewe. Malindi ina bahari upande mmoja, hivyo kinda akikosea upande huo hana pa kutua. Kwa sababu hiyo usianzie kamwe ufukoni wala karibu na maji, na penye daraja la Kilifi hapafai kwa makinda hata siku watakapokuwa wameiva. Mara tatu za mwanzo waachie karibu, kilomita mbili hadi tano, kila mara upande mwingine: magharibi njia ya Ganda, kaskazini kabla ya Mto Sabaki, na kusini. Hili ni kuwafundisha kuitambua Malindi kutoka pande zote za nchi kavu. Baada ya hapo shika mstari mmoja, ule wa mashindano yenu. Ikiwa ni wa kusini, nenda Msabaha, kama kilomita tisa hewani, kisha maeneo ya Gede, kama 15, kisha Matsangoni, kama 30, na mwisho viunga vya Kilifi. Kila kituo warushwe angalau mara mbili, siku moja kazi, siku moja mapumziko. Usipandishe umbali kuwa zaidi ya maradufu ya ule wa mwisho.

Kipimo cha kuendelea ni namna wanavyofika. Njiwa asiyesumbuliwa na upepo huenda karibu kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Kutoka Gede robo saa ingetosha, lakini kinda mara ya kwanza huchukua nusu saa au zaidi kwa kuzunguka. Wakija pamoja, au wakifuatana kwa dakika chache, songa mbele. Wakija mmoja mmoja saa nzima wakihema, rudi kituo kilichotangulia. Kurudi nyuma kunakugharimu nauli ya safari moja, kusonga mbele kwa ukaidi ndiko kulikogharimu wale kumi na wanne.

Kipande kati ya Matsangoni na Gede nakitaja peke yake. Hapo barabara imebanwa: magharibi ni Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye zaidi ya kilomita za mraba 400, na mashariki ni maji ya hori ya Mida. Vipanga wa msituni huwinda kwa kuchomoka ghafla kwenye ukingo wa miti, na kundi linaloondoka chini chini ni chakula chao. Tafuta uwanja au shamba lililo wazi, mbali na ukingo wa msitu, nyaya za umeme na minazi mirefu. Ukifika usifungue mara moja. Weka matenga kivulini lakini penye mwanga, wape maji, waache dakika 20 hadi 30 watazame anga na wanuse mahali. Kagua juu, kisha piga simu nyumbani uulize hali ya hewa ya Malindi. Mara nyingi Kilifi ni kweupe kumbe kwenu wingu la mvua limeshuka. Fungua kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, upepo wa bahari haujashika na jua lina upande unaoeleweka. Kaa mpaka waondoke machoni.

Kuhusu majira, usifuate kalenda za wafugaji wa Ulaya zinazosambazwa kwenye simu. Wao huanza mafunzo kwa kufuata kiangazi chao, na wengine hufunika mabanda giza saa kadhaa kwa siku ili kuchelewesha kubadili manyoya, maana mchana wao hurefuka na kufupika sana. Kwetu tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki nusu saa. Kalenda yetu ni pepo na mvua. Kusi kikali, Mei hadi Julai, huja na mawingu na mvua na humsukuma kinda anayetoka kusini kwa kasi asiyoizoea. Anapitiliza mji, na ndipo unasikia njiwa wako wameonekana Mambrui au Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Ulizia huko, si ajabu baadhi ya wako wameingia mabanda ya watu. Kaskazi hupinga mbele, kinda anatoka polepole na kujifunza zaidi, mradi usiwe mkali, lakini miezi hiyo hiyo vipanga wahamiaji huwapo pwani. Kwa maoni yangu madirisha mawili ndiyo bora: Agosti na Septemba, kusi kimelegea, na Desemba hadi Februari asubuhi zenye kaskazi laini. Wakati wa maleleji, upepo unapobadilika hujui unatoka wapi, fanya kazi ya nyumbani tu.

Sasa yule aliyekushauri uwanyime chakula. Kuna chembe ya ukweli, imetiwa chumvi mpaka ikawa sumu. Njiwa anayerushwa anapaswa kuwa na hamu ya kula. Jioni ya kuamkia safari mpe gramu 15 hadi 20 badala ya 25 au 30 za kila siku, asubuhi asile, maji apate wakati wote. Kumnyima siku mbili ni kumwondolea mafuta anayoyachoma angani. Njiwa mwenye njaa kali na kiu hutua shambani kudonoa, au hufuata kundi la njiwa wa mtaani, na hapo umempoteza. Chakula cha makinda wanaofanya mazoezi kinaweza kuwa mtama na mahindi madogo nusu, choroko au mbaazi kavu thuluthi moja, zilizobaki alizeti na ulezi. Kando weka changarawe, maganda ya chaza yaliyopondwa na chumvi kidogo.

Kuwachanganya na wakubwa kuna faida na hasara. Wakubwa wawili watatu watulivu, katika safari mbili za kwanza fupi, huwatuliza makinda na kuwaonyesha mlango. Zaidi ya hapo kinda hufuata mkia wa mwenzake bila kujifunza, na mkubwa akizidisha kasi anamwacha katikati ya njia, hajui alipo. Baada ya safari hizo mbili watenganishe. Makinda wakishakuwa hodari kutoka Gede, waachie wanne wanne kila baada ya dakika 15, kisha mmoja mmoja mara chache. Kundi kubwa huficha wasiojua, na siku ya mashindano watafichuka.

Na mbegu? Damu ina maana. Njiwa wa mapambo au wa sokoni hawana silika ya kurudi kutoka kilomita 100. Lakini mbegu haihukumiwi kwa mtihani ambao hata mbegu bora ingeufeli. Kinda aliyerudi siku ya tano amekonda, ambaye huenda ungetamani kumwondoa, amepigania kurudi kwake kuliko wote. Mpe wiki tatu za kupumzika, mtama na maji yenye glukosi siku ya kwanza, kisha chakula kamili. Wote wanane waliobaki warudishe mwanzo kabisa, kilomita mbili, kana kwamba hawajawahi kusafiri. Mlango wa fimbo uache ukiingilika mchana kutwa kwa wiki kadhaa, wengine hurudi baada ya mwezi. Anayerudi amechelewa mweke peke yake siku 10, maana amelala kwa wenyeji usiowajua.

Kabla ya tenga lolote chunguza afya, kwa sababu njiwa mgonjwa kidogo huruka vizuri nyumbani na kuanguka njiani. Fungua mdomo utazame koo: utando wa njano kama jibini ni ugonjwa wa koo unaoenezwa kwa maji ya kunywa. Pekua manyoya ya kifua na chini ya mkia utafute nzi bapa wanaokimbia upande upande. Pwani hii ya joto wapo wengi, na huambukiza vijidudu vya damu vinavyofanana na malaria, njiwa anakosa pumzi baada ya kilomita chache bila dalili nyingine ya kuonekana. Kunguni, minyoo na ndui inayoenezwa na mbu navyo viangalie. Usinunue dawa za kuku na kuzikadiria kwa kijiko.

Mwite daktari wa mifugo aje bandani, au umpelekee, ukiona makinda zaidi ya mmoja wanatapika nafaka au wana kinyesi cha kijani chenye maji, shingo inajipinda au mmoja anadonoa akikosa punje, au wanaoruka wanatua baada ya dakika mbili wakihema mdomo wazi. Mpelekee kinyesi cha asubuhi cha makinda kadhaa kwenye kichupa safi, na aliyekufa mtie kwenye mfuko ndani ya barafu, siku hiyohiyo. Muulize pia chanjo ya paramiksovirusi, ugonjwa wa njiwa unaopindisha shingo, inayodungwa chini ya ngozi ya shingo kuanzia wiki ya tano au ya sita. Ile ya kideri ya kuku si sawa nayo, na yeye ndiye wa kukuambia ipi inapatikana na itumikeje. Ukishachanja, subiri wiki mbili kabla ya kuwatia kwenye tenga.